Maneno ya Mkia Mmoja

Watu husema majuto ni mjukuu. Dada yangu akiisikia methali hiyo redioni huizima redio, hata kama taarifa ya habari haijaisha. Simlaumu. Kuna methali ukizisikia unaona kabisa mtu kakusema wewe, tena mbele za watu.

Dada yangu ni fundi cherehani, mimi ni msusi. Tunafanya kazi kwenye kibaraza kimoja, yeye upande wa mlango na cherehani yake ya kukanyaga, mimi upande wa dirisha na kigoda changu na kioo kilichopasuka pembeni. Mtaa mzima humwita Mama Cherehani, na mtaa mzima unajua kuwa nguo za Mama Cherehani huchelewa kwa sababu ya mdomo. Mvivu siyo, mkono wake mwepesi sana, ila mdomo hauna breki. Mtu analeta suruali ipunguzwe kiuno, anakaa hadi jua linazama akisikiliza habari za harusi ambayo bwana harusi alikimbia na keki, anarudi kwake mbavu zinamuuma, suruali haijaguswa, na wala hana kinyongo. Kuna mama mmoja namshuku alikuwa anafumua nguo zake mwenyewe nyumbani ili apate sababu ya kuja kukaa.

Nayasema haya mapema ili ujue ninayemzungumzia ni mtu wa namna gani.

Dada ana mtoto mmoja tu, binti, muuguzi, anaishi ng'ambo. Huko ndiko alikoolewa, na huko ndiko alikozaa binti yake. Mume ni baharia wa meli za mizigo, leo yupo, kesho yuko nusu ya dunia. Sasa mwanetu alipata nafasi ya kusomea uuguzi wa chumba cha upasuaji, mwaka mzima, zamu mchana na usiku, na mtoto hana wa kubaki naye. Akapiga simu. Akasema mtoto itabidi akae mwaka huo kwa bibi, ila hajaamua ni bibi yupi, mama yake au mama mkwe wake. Huyo mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa mji mwingine, ana nyumba ya vyumba vingi na Kiingereza kilichonyooka. Na mtoto hajui lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Kwa hiyo watakuja kwetu likizo kwanza, mtoto amzoee bibi yake, halafu ndipo ataamua.

Maneno yote niliyasikia, kwa sababu simu ya dada husikika hadi barabarani. Naye jibu alikuwa nalo mdomoni.

"Mwanangu, mkija mtanikuta naongea Kiingereza kuliko huyo mwalimu wenu," akasema. "Mtoto ni wangu. Anakaa hapa."

Akakata simu, ndipo akakumbuka alichoahidi. Maana Kiingereza chake siku hiyo kilikuwa yes, no, na thank you, basi. Akaniambia, mdogo wangu, mtoto yule sijawahi hata kumbeba. Nimemwona kwenye simu tu, mara paji la uso, mara dari ya nyumba yao. Nikimkosa mwaka huu, atakuwa mkubwa na mimi nitabaki picha. Dada yangu si mtu wa kulia, lakini siku ile alilia, akapenga kamasi kwenye kipande cha bitana ya mteja.

Chumba cha uani kwetu anaishi mpangaji tunayemwita Mzee Chapa. Alifanya kazi kiwanda cha uchapaji enzi zile maneno yakipangwa kwa mkono, herufi moja moja za risasi, mpaka kompyuta zilipokuja na wao wakaambiwa asanteni. Vitabu vyote vya Kiingereza vya watoto wa shule vilipita kwenye vidole vyake. Dada akamfuata, akamwomba amfundishe. Mzee akafurahi mno. Tangu astaafu hakuna aliyekuwa amemwomba kitu zaidi ya kodi na kupunguza sauti ya redio.

Akaleta trei yake ya herufi, akamwonyesha walivyokuwa wakifanya kiwandani. Maneno mengi ya Kiingereza, alisema, yana mkia mmoja. Ukishapanga ight, mkia huo huubomoi, unauacha palepale, unabadilisha kichwa tu. Ukiweka f unapata fight, yaani kupigana. Ukiweka l unapata light, mwanga. Ukiweka n ni night, usiku. Kwa kazi ya kupanga mkia mmoja unapata maneno kibao. Dada akapiga makofi. Alisema huo ndio ushonaji wenyewe, unachora suruali moja kwenye karatasi, unaikata kwenye vitambaa kumi.

Akaanza. Alijifunza kwa miguu, anakanyaga cherehani huku anaimba. Ball mpira, call kuita, fall kuanguka, hall ukumbi, tall mrefu, wall ukuta. Wiki nyingine ilikuwa ni brain ubongo, gain faida, pain maumivu, rain mvua, train treni. Mwanzoni jambo moja lilimsumbua, akamuuliza mzee, mpira na ukuta wana undugu gani hata wakae nyumba moja? Mzee akamjibu ni ndugu wa mkia, si ndugu wa tumbo, usiwaulize habari za ukoo. Tulicheka. Wateja nao walicheka, wengine wakaanza kuimba naye, na fundi viatu wa jirani mpaka leo akigonga nyundo utamsikia ball, call, fall.

Ukweli usemwe, alijifunza. Alijaza kichwa. Lakini mimi niliyekaa naye kutwa niliona kitu, nikanyamaza kwanza, kisha nikamwambia. Maneno yale alikuwa nayo kwa foleni. Ukimuuliza usiku kwa Kiingereza ni nini, hawezi kulitoa neno hivihivi. Lazima aanzie mwanzo wa mkia, bright, fight, light, might, mpaka afike night, ndipo anakupa, jasho linamtoka. Nikamwambia, dada, mtoto wa miaka sita hana subira ya kungoja foleni. Akanijibu nina wivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa, lakini mimi ni mdogo, nani atanisikia?

Na Mzee Chapa akaongeza lake, akidhani anasaidia. Kiwandani mtu akichanganya herufi za aina mbili kwenye trei moja alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Kwa hiyo akamwambia, mtoto akishafika, usichanganye lugha. Ukiongea Kiswahili na mtoto, Kiingereza kitatawanyika na hutakiokota tena. Dada akalimeza neno hilo zima zima, bila hata kutafuna.

Wakaja. Mtoto alikuwa mrefu kwa umri wake, meno mawili ya mbele hana, macho hayatulii. Kwenye mlango akamkumbatia bibi yake kiunoni. Nilimwona dada akifumba macho. Kisha mtoto akainua uso, akasema maneno mengi kwa mkupuo, akangoja. Dada naye akabaki midomo inacheza bila sauti. Niliijua ile midomo. Alikuwa kwenye foleni. Alipotoka na neno lake, mtoto alikuwa ameshaenda kuangalia cherehani.

Ikawa hivyo kila siku. Mwanetu alishinda mjini akifuatilia hati zake za masomo, akituachia mtoto. Mtoto anauliza, bibi anapanga. Siku za mwanzo mtoto alidhani ni mchezo. Akasikia light, might, night, naye akaongeza yake ya sauti ileile, kite, bite, na dada akakunja uso, kwa sababu hayo kwa Mzee Chapa yalikuwa mkia mwingine, akatikisa kichwa, no, no. Mtoto akaacha mchezo. Mimi nilikuwa hapo na chanuo mkononi, nikasema moyoni, jamani, mwanamke huyu ana nini? Mtoto kakuletea mchezo mlangoni, wewe unaukagua kama askari.

Na kile kibaraza chetu kikanyamaza. Dada aliwafukuza wapiga soga wote, eti wanamvuruga. Mteja akija anapewa nguo yake, tena imekwisha, tena kwa wakati, watu wakaanza kuulizana Mama Cherehani anaumwa nini. Hata na mwanae jioni aliongea kwa kifupi, ndiyo mwanangu, hapana mwanangu, akiogopa kwamba Kiswahili kirefu kitamfukuzia mikia yake. Yule mtoto hakuwahi kuisikia sauti ya bibi yake ilivyo. Na bibi alikuwa na hamu ya kumtania, kumwita mke mwenzangu, kumwambia kwamba mapengo yale yameliwa na panya. Alikuwa akiniambia mimi pembeni, tena kwa kunong'ona. Lakini utani wa bibi na mjukuu haukuwa na mkia kwenye trei ya mzee.

Siku moja mtoto alisimama mbele ya picha ya marehemu shemeji yangu, iliyoko juu ya kabati la vyombo. Akauliza. Hata mimi nisiyejua Kiingereza nilielewa anauliza nini, mtoto akinyoosha kidole kwenye picha ya mtu aliyekufa anauliza nini kingine? Shemeji yangu, mtu ambaye alikuwa akienda msibani wanamwomba asikae karibu na wafiwa kwa sababu atawachekesha. Mtu aliyemposa dada yangu kwa kumpelekea kofia imechanika, ikashonwa, akairudisha imechanika tena, mara nne. Dada akaitazama picha, akashusha pumzi, midomo ikacheza, kisha akasema, "Man. Old. Cold." Mtu, mzee, baridi.

Mtoto akaitazama picha tena, akarudi nyuma hatua. Tangu siku hiyo alikuwa akipita pale kwenye kabati anakimbia.

Mimi mwenyewe nilimpata mtoto yule kwa njia ya nywele. Mama yake aliomba nimsuke. Sasa mimi Kiingereza sijui hata cha kuombea maji, nikamsemesha kama ninavyowasemesha wote. Inama. Tulia. Geuka huku. Bado kidogo. Mkono wangu ulikuwa unamwonyesha, na kabla sijamaliza upande mmoja alikuwa anainama kabla sijamgusa. Hilo bado kidogo ndilo lililompendeza. Akaitwa kula, akajibu kutoka chumbani, bado kidogo. Akaambiwa akaoge, bado kidogo. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini.

Dada hakucheka. Alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Usinichanganyie mtoto," akasema. "Mwenzio najenga, wewe unabomoa."

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia unajenga nini, dada, mtoto anakuogopa. Akanijibu mimi sijapewa mtihani, ni yeye aliyepewa, nimwache aufanye. Nikamwacha. Siku zote najiuliza kwa nini sikupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Lakini ndiyo hivyo, mkubwa ni mkubwa, nikachukua chanuo langu nikarudi kwenye kigoda.

Likizo ilipokuwa inaelekea mwisho, mwanetu alimwita mama yake jikoni. Mimi nilikuwa namenya viazi, wala hawakunitoa. Alizunguka sana kabla ya kusema. Mara viazi vimepanda bei, mara mama umekonda. Mwishowe akasema mtoto atakaa kwa bibi yake mwingine. Dada akauliza ni kwa sababu ya Kiingereza? Akasema atazidi kujifunza, bado mikia mingi Mzee Chapa hajamfundisha, wampe muda.

"Si Kiingereza, mama," mwanetu akasema. Alikuwa anaangalia sakafu. "Nilimuuliza yeye mwenyewe. Anasema bibi ni mzuri, lakini hapendi kuongea."

Kisu kilinisimama mkononi. Dada akamtazama mwanae, akanitazama mimi, kama anayetaka shahidi.

"Mimi?" akasema. "Mimi ndiyo sipendi kuongea?"

Nikaendelea kumenya. Ningesema nini? Mtoto hakusema uongo. Alisema alichokiona.

Jioni ile Mzee Chapa alikuja mlangoni, maana ukuta wa jikoni ni mwembamba. Alisimama ameshika kofia. Akasema anaona aibu. Akasema yeye maneno hayo ameyapanga maisha yake yote, tena kwa kuyasoma kinyume, kulia kwenda kushoto, lakini hajawahi hata siku moja kukaa na mtu akaongea naye Kiingereza. Hakukuwa na mtu. Alidhani maneno yakishapangwa vizuri, yataongea yenyewe. Dada hakumgombeza. Alimkaribisha chai, akanywa, wakakaa kimya wote wawili, na mimi nikaona hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko matusi.

Siku ya kuondoka, teksi ilikuja asubuhi. Dada alikuwa amemshonea mtoto gauni la safari lenye mifuko miwili, akalikunja mwenyewe kwenye begi. Hakuimba mikia. Hakusema kitu, Kiingereza wala Kiswahili. Mizigo ikapakiwa. Mtoto akamkumbatia bibi yake haraka haraka, kama mtu anavyomuaga mwalimu, akakimbilia gari. Kamba za viatu vyake zilikuwa zimefunguka zote mbili, zinaburuta chini.

Ndipo mdomo ukamtoka. Nadhani hakuwa hata amekusudia.

"Wewe! Hebu simama hapo hapo," dada akasema, na ile ilikuwa sauti yake kabisa, ambayo mtaa ulikuwa umeisahau. "Unakwenda wapi na viatu vinacheka? Unataka uanguke ung'oe na meno yaliyobaki, ukifika huko waseme kwetu tumekurudisha kibogoyo? Njoo hapa. Lete mguu."

Mtoto alisimama. Akageuka, akarudi, akatoa mguu. Dada akachuchumaa mbele yake, akashika kamba, na hakunyamaza. Akamuuliza huu ni mguu au ni jahazi. Akamwambia mguu huu umeurithi kwangu, pole yako, utavaa viatu vya kiume maisha yako yote, na mume utampata mfupi tu, warefu wote wanaogopa miguu kama hii, muulize bibi yako mdogo pale, aliwaona wakikimbia. Maneno yanatoka tu, hayana foleni. Mikono inampigapiga mtoto magotini, inambana kidole gumba, inampima kiatu kwa shibiri. Mtoto hakuelewa hata neno moja, najua. Lakini alikuwa anacheka na mapengo yake yote nje, na dada alipomaliza mguu wa kwanza, mtoto alitoa wa pili kabla hajaambiwa. Mtoto akashika masikio ya bibi yake kwa mikono miwili, akayashikilia, asije akasimama.

Akamgeukia mama yake, akamuuliza kitu. Mwanetu alikuwa amesimama kando ya gari na mkoba begani.

"Kasemaje?" dada akauliza.

Mwanetu akaushusha mkoba.

"Anauliza," akasema, "kama huyu bibi anayeongea atakuwepo tukija tena."

Dada alikuwa bado amechuchumaa, kamba ya kiatu iko vidoleni.

"Mwambie yupo," akasema. "Mwambie alikuwepo siku zote."

Dereva akapiga honi. Mwanetu akamwingiza mtoto, akaingia naye, mlango ukafungwa na kioo kikapanda. Niliona midomo yake ikisogea huku ameinamia mtoto. Labda alikuwa anamwambia. Labda alikuwa anamfunga mkanda tu.

Gari lilipokata kona, dada akaniuliza kama nimeona mwanae alimwambia mtoto. Nikasema nimeona. Mpaka leo, akiwa kwenye cherehani, katikati ya hadithi ya watu wengine, hunyamaza ghafla akaniuliza tena, nami mpaka leo namjibu nimeona.